Chatu mdogo ale panya, asile maranda

KOLWEZI, Lualaba – Chatu wa kusini mwa Afrika, ambaye makazi yake yanafika hadi kusini mwa Kongo, huanguliwa akiwa na urefu wa karibu nusu mita. Anayefugwa akalazwa juu ya maranda ya seremala yuko hatarini kila anapokula: panya mbichi huburutwa, maranda yakamganda. Machache hutoka na kinyesi. Mengi huweza kuziba utumbo au kuchoma kinywa.

Wafugaji wengine humlishia kwenye ndoo tupu, kisha humrudisha. Si njia nzuri. Akishikwa ameshiba anaweza kutapika. Tandika gazeti, hata la jana linatosha. Kausha panya aliyekufa, asiyezidi unene wa nyoka, mpe kwa koleo refu. Usimguse siku mbili.