Elisi wa 1940 na Alisi wa 2015: msichana mmoja, sura mbili

OAKDALE, Minnesota – Msichana wa Kiingereza aliyetumbukia katika shimo la sungura mwaka 1865 amekwisha kuzungumza Kiswahili zaidi ya mara moja. Mwaka 1940 alichorwa akiwa mtoto wa Kiafrika. Miaka 75 baadaye akarudishiwa uzungu wake, na aliyemrudishia ni mtu aliyekulia katika Kiswahili.

Kitabu chenyewe ni Alice's Adventures in Wonderland, cha mwalimu wa hisabati wa Oxford aliyejiita Lewis Carroll. Kwanza alikiandika kwa mkono na kuchora picha 37 mwenyewe, akamzawadia mtoto Alice Liddell mwezi Novemba 1864. Alipotaka kukichapisha alimwajiri John Tenniel, mchoraji mashuhuri wa jarida la Punch, na kumlipa pauni 138 kutoka mfukoni mwake kwa picha 42.

Tenniel alipoona nakala za kwanza alikasirika. Picha zake zilikuwa zimechapwa vibaya. Nakala 2,000 zikakataliwa, kazi ikarudiwa upya, na sehemu kubwa ya zile zilizokataliwa ikauzwa Marekani. Yaani kilichokuwa kibovu London kilifaa New York. Sisi tunaijua biashara hiyo, ingawa kwa kawaida mitumba huelekea Afrika.

Wahakiki hawakuwa na haraka ya kumsifu Carroll. Jarida la Athenaeum liliona mwezi Desemba 1865 kwamba hadithi hiyo ingemchanganya mtoto kuliko kumfurahisha. Picha ndizo zilizopata sifa, kwani Tenniel alikuwa na jina na Carroll hakuwa nalo.

Tuje kwetu. Mwaka 1940 shirika la Sheldon Press la London lilitoa Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya E. V. St Lo Conan-Davies. Michoro ilifuata ile ya Tenniel, lakini Elisi mwenyewe ni mtoto mweusi. Mwaka 2015 ikatoka tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa Kiswahili katika chuo cha SOAS, kwa jina la Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Mchapishaji Evertype akarudisha picha za Tenniel kama zilivyokuwa.

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye ubishi. Wapo wanaosema Elisi wa kwanza alikuwa heshima, maana mtoto wa Tanga alifungua kitabu akajiona. Wapo wanaosema ilikuwa ni dharau ya kikoloni, kana kwamba mtoto wetu hawezi kumpenda mtu asiyefanana naye. Mimi nakaa na wa kwanza, lakini kwa shingo upande. Uso ulibadilishwa, mkono uliochora ukabaki ule ule wa Tenniel.

Nilimwonyesha binti yangu wa miaka tisa, mzaliwa wa hapa Minnesota, picha zote mbili kwenye kompyuta. Akauliza: "Baba, kwa hiyo kwanza alikuwa mweusi, halafu wakambadilisha?"

Nilichukua muda kumjibu.

Kwa upande wa lugha, kazi si ndogo. Panya anasimulia hadithi iliyopangwa ukurasani mfano wa mkia, kwa sababu kwa Kiingereza "hadithi" na "mkia" hutamkwa sawa. Kwa Kiswahili mzaha huo unakufa, na mfasiri hana budi kutafuta mwingine. Kisha kuna karamu ya chai ya wendawazimu, ambako saa imekwama. Ukifuata tarakimu ya Kiingereza utaandika saa sita, na chai itanywewa adhuhuri au usiku wa manane. Kwetu ni saa kumi na mbili jioni, karibu na magharibi, wakati mtoto wa pwani anapoitwa aingie ndani. Kwa maoni yangu karamu hiyo inanoga zaidi kwa saa zetu.

Hapa jirani, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, uko mkusanyo wa Kerlan, ulioanza na vitabu vya daktari Irvin Kerlan mwaka 1949. Unahifadhi miswada na michoro halisi ya vitabu vya watoto. Kila mchoro una jina la mwenyewe, na karatasi ya majaribio hutunzwa sawa na ile iliyochapwa. Vitabu vingi tulivyosomea utotoni havikutaja mchoraji kabisa. Hata Elisi anapozungumzwa, hutajwa mfasiri.

Ningependa kuona Alisi wa tatu, aliyechorwa na mtu wa kwetu tangu mstari wa kwanza. Carroll alifariki mwaka 1898 na Tenniel mwaka 1914, hivyo hakimiliki za hadithi na za picha zimekwisha muda wake zamani. Mchapishaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kumwomba mtu ruhusa. Anachohitaji ni fedha za kumlipa mchoraji.