Baraza la Nyumba ya Kasisi

Mwanafunzi wa Kabati akiulizwa usanifu wa majengo ni nini, aghalabu atataja majumba marefu ya Nairobi. Ni nadra sana kumtajia mwalimu wake nyumba kuukuu ya kasisi iliyo kando ya kanisa, ilhali nyumba za aina hiyo zimehifadhi historia ambayo vitabu vya shule huigusia tu.

Asili yake ni mashamba ya Uingereza. Tuitazame ile ya Haworth, iliyojengwa kwa mawe mwishoni mwa miaka ya 1770, akaishi humo kasisi Patrick Brontë na binti zake waandishi. Tangu 1928 ni makumbusho. Mlango uko katikati, madirisha yamelingana pande zote mbili. Ukiingia, kulia ni chumba cha kasisi cha kusomea na kushoto ni cha kulia chakula. Moto uliwashwa ndani kwa sababu ya baridi. Mwenye shida aliingia mlangoni.

Ukambani, nyumba hiyo ingekuwa tanuri. Krapf, aliyefungua kituo cha Rabai pamoja na Rebmann mwaka 1846, alifika Kitui mwaka 1849, na huko ndiko alikouona Mlima Kenya. Mwaka 1895 misheni ya Africa Inland ikaanza kazi Nzaui, Makueni. Nyumba za misheni zilizofuata katika nchi hii ziliongezewa kitu ambacho Haworth haina: baraza pana la kukinga ukuta dhidi ya jua. Penye paa la bati, maji ya mvua yalielekezwa kwenye tangi, na mkazi wa Kitui hahitaji kuelezwa thamani yake.

Kiswahili, kwa hekima yake, kimelipa eneo hilo jina moja na mkutano wa wazee. Hapo ndipo alipongoja mama mwenye mtoto mgonjwa, na mwalimu aliyefuata mshahara wake. Lakini baraza lilikuwa mpaka pia. Waafrika waliovuka kizingiti hadi sebuleni walikuwa wachache, na wengi wao walibeba sinia.

Kwa sababu hiyo wapo wanaosema nyumba hizi zibomolewe, kwani ni masalio ya ukoloni. Siafikiani nao. Ubaguzi huo hauonekani wazi mahali pengine kama unavyoonekana katika hatua tatu kutoka barazani hadi sebuleni. Kinachonisikitisha zaidi ni baraza kuzibwa kwa matofali ili ipatikane ofisi moja ya ziada, kwani mgeni wa kesho hatajua watu walingojea wapi.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inaruhusu majengo ya aina hii kutangazwa turathi za taifa, ila serikali haitafika kila kijiji. Walimu wa historia wanaweza kufika. Wawapeleke wanafunzi na utepe wa kupimia, wachore ramani ya vyumba, kisha wawaulize wazee ni nani aliyechonga mawe yale. Jina la kasisi mara nyingi limechorwa kanisani. La fundi bado liko vinywani mwa wazee wachache.