Motokaa ya Kitajiri Iliyozeeka: Tuinunue au Tuiache?

Gari huanza maisha yake likiwa jipya, kisha likauzwa kwa mtu wa pili na wa tatu, halafu likawa kuukuu lisilotamaniwa na mtu. Ni machache mno yanayobahatika kuivuka hatua hiyo ya aibu na kuanza kutafutwa upya kwa ajili ya uzuri wake. Leo twataka kumtazama mtu aliyesimama kwenye mpaka huo: ameweka akiba, ameliona gari la milango miwili ambalo miaka arobaini iliyopita lilikuwa la matajiri peke yao, na bei yake haimtishi. Je, alinunue?

Tusiseme juu juu. Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 1981, katika maonyesho ya motokaa ya Frankfurt, Mercedes-Benz walionyesha gari lao la SEC, ndugu wa milango miwili wa lile gari kubwa la S. Wafaransa huliita umbo la namna hiyo coupé, yaani lililokatwa. Sikio la Mswahili likisikia “kupe”, mdudu anyonyaye damu, halitakuwa limekosea sana, kama tutakavyoona. Magari hayo yaliundwa hadi mwaka 1991, na jumla yake ilikuwa 74,060. Usanifu wa umbo uliongozwa na Bruno Sacco, mzaliwa wa Italia, ambaye naye alimiliki 560 SEC.

Uzuri wake hauna ubishi. Hakuna nguzo kati ya dirisha la mbele na la nyuma, hivi kwamba vioo vikishushwa ubavu mzima hubaki wazi. Na kwa kuwa mkanda wa usalama umefungwa mbali nyuma ya bega, wahandisi waliweka mkono mdogo ujitokezao wenyewe na kumletea dereva mkanda wake, mfano wa mtumishi wa hoteli kubwa. Injini ina silinda nane: ya 500 SEC ina ujazo wa lita 5, na ile ya 560 SEC, iliyotolewa mwaka 1985, lita 5.5. Ikitunzwa vema, injini hiyo huenda mamia ya maelfu ya kilomita bila kunung’unika.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Huisikiliza injini, wakaridhika, wakatoa fedha. Kumbe adui mkubwa wa gari hili ni kutu. Maji hupenya chini ya kioo cha nyuma, yakalila bati taratibu pasipo mtu kuona. Kadhalika kutu hupenda kingo zilizo juu ya magurudumu, na mahali pa kuwekea jeki, ambapo mabamba ya plastiki yaliyo ubavuni huficha maovu yote. Rangi mpya inayong’aa isitufurahishe upesi, itutie shaka. Injini, giaboksi na sehemu nyingi za chini ni sawa na zile za ndugu yake wa milango minne, nazo hupatikana. Milango, vioo na paa ni vya gari hili peke yake, na kuvitafuta ni kazi nyingine.

Kisha kuna jambo ambalo muuzaji halitaji: bei ya gari huzeeka, ya vipuri vyake haizeeki. Cheni ya taimingi, mathalani, huongozwa na vipande vya plastiki ambavyo kwa miaka hukauka na kukatika. Kipande kidogo kama hicho kikivunjika, cheni huruka, valvu zikagongana na pistoni, na injini ile ya kusifiwa ikawa chuma chakavu. Mfumo wa Bosch wa kunyunyizia petroli nao wahitaji fundi aliyeusomea, na mafundi hao wanazidi kupungua. Mjini si ajabu gari hili kunywa lita 15 au zaidi kwa kilomita 100. Kwa hiyo twasema wazi: mwenye fedha za kununulia tu, hana fedha za gari hili. Aidha, tungelipa zaidi kwa 500 SEC moja yenye vitabu vyake vyote vya matengenezo kuliko kuchukua 560 mbili za bei ya chini, ambazo hakuna ajuaye zilikopita.

Ujerumani, gari likitimiza miaka 30 na likiwa katika hali ya asili, laweza kupewa namba ya heshima yenye herufi H. Kwetu Afrika ya Mashariki, ambako Kiswahili kilikwisha kuwapa wenye magari haya jina lao la Wabenzi, mlango ni mwembamba zaidi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, na Uganda iliweka mpaka wa miaka 15 mwaka 2018. Atakaye sharti atafute lile lililokwisha kuingia zamani.

Na akilipata, aende asubuhi, injini ikiwa baridi. Aiwashe mwenyewe na kusikiliza: mlio wa cheni usiokoma baada ya sekunde chache ni habari mbaya. Ashushe vioo vyote. Atazame kama mkono wa mkanda unatoka. Ainue zulia la buti na kupapasa chini yake kwa vidole, akitafuta unyevu. Na akikuta boneti ina moto kabla hajafika, aage kwa adabu na kurudi kesho yake, mapema zaidi.