Kwa nini kimbunga hupata nguvu usiku

KIMBUNGA Hidaya kilipoukaribia mwambao wa Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, mazungumzo ya wengi yalikuwa juu ya kasi ya upepo na joto la bahari. Jambo jingine linalotawala maisha ya vimbunga halitajwi sana, nalo ni zamu ya mchana na usiku.

Kwa kuwa kimbunga huishi kwa joto, mtu angedhani jua ndilo linalokiongezea nguvu. Sivyo. Bahari yenye nyuzijoto 26 au zaidi haipoi kwa usiku mmoja, hivyo mvuke unaokilisha kimbunga haukatiki jua linapozama. Mabadiliko makubwa hutokea kwenye vilele vya mawingu, zaidi ya kilomita 10 juu ya bahari.

Mchana, vilele hivyo hupigwa na miale ya jua na kupata joto. Hewa ya juu ikipata joto, ile ya chini hupanda kwa shida na mawingu ya ngurumo hupungua. Usiku mawingu huendelea kupoteza joto kwenda anga za juu bila jua la kulifidia. Tabaka la juu hupoa, hewa yenye unyevu hupanda kwa urahisi, na mvua baharini huongezeka, hasa kuelekea alfajiri.

Katika vimbunga vilivyokomaa, setilaiti huonyesha mzunguko huo waziwazi. Utafiti wa Jason Dunion na wenzake kuhusu vimbunga vya Atlantiki, uliochapishwa mwaka 2014, ulieleza wimbi la mawingu baridi linaloanza karibu na kiini wakati wa magharibi, likasambaa usiku kucha na kufika mamia ya kilomita kutoka hapo alasiri inayofuata.

Kwa kimbunga kichanga, usiku unaweza kuamua kama kitazaliwa au la. Watafiti Xiaodong Tang na Fuqing Zhang walikiiga kwa kompyuta Kimbunga Edouard, kilichopita Atlantiki Septemba 2014. Matokeo yao ya mwaka 2016 yalionyesha kuwa kukosekana kwa usiku kungeweza kukizuia kisiundike.

Kwa wavuvi na wasafiri wa baharini, hilo si jambo dogo. Mawingu mazito yakisinyaa saa nane mchana, huenda kimbunga hakijaanza kufa bali ni kazi ya jua tu. Usiku nao haukiokoi kimbunga kilichogusa nchi kavu: kwa mujibu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), Hidaya kilipoteza nguvu usiku wa Mei 4, baada ya kuingia Kisiwa cha Mafia.