Mita Haijui Kama Mnara Umekusikia

"Fundi, antena niiweke ndani au nje?" Swali hili huniuliza kila anayejiundia ndege, na karibu kila mara linakuja kabla sijaambiwa jambo la kwanza: ndege yenyewe imeundwa kwa nini? Alumini? Faibaglasi? Kaboni? Mabomba ya chuma yaliyovikwa kitambaa? Jibu limo humo. Mawimbi ya redio hupenya faibaglasi, mbao na kitambaa bila shida. Alumini hayaipenyi. Kaboni nayo hayaipenyi, na hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu kaboni hulazwa kwa gundi na kupigwa msasa vilevile kama faibaglasi, basi wanadhani tabia ni moja. Kaboni inapitisha umeme. Mbele ya redio ni sawa na bati.

Nikishasema hivyo naonyeshwa simu: picha ya mita ya SWR, sindano imetulia kwenye 1.2. "Mbona mita inasema iko sawa?" Hapa naomba tuelewane vizuri, maana imani hii imewaacha marubani angani wakiita bila kuitikiwa.

SWR inatokana na kitu kimoja tu: nguvu kiasi gani inarudi kwenye redio badala ya kupokelewa na kilichopo mwisho wa kebo. Nguvu iliyopokelewa imekwenda wapi, mita haijui. Chukua rezista ya ohm 50 inayostahimili nguvu ya redio yako, ilehemu mwisho wa kebo mahali pa antena. Mita itasoma karibu 1.0, safi kuliko antena yoyote utakayonunua. Sasa bonyeza kitufe uite mnara ulio kilomita 20. Rezista itapata moto, ukiigusa utausikia kidoleni, na mnara hautakusikia. Antena iliyofungiwa ndani ya bodi la kaboni inaweza kukufanyia hivyohivyo: nguvu inaishia kwenye kuta, mita inafurahi, wewe ni bubu.

Kebo mbovu nayo hudanganya. Nguvu hupungua ikienda, na ile inayorudi hupungua tena njiani, kwa hiyo mita iliyo upande wa redio huona mabaki tu. Nimewahi kung'oa kebo kuukuu iliyoingia maji; waya wake wa shaba ulikuwa umegeuka kijani. Nilipoweka mpya, mita ilipanda kutoka 1.3 hadi 1.9, na mwenye ndege akanijia juu kwamba nimemharibia. Alipoipeleka angani, akasikika mbali kuliko alivyowahi kusikika. Mita ikisoma 3, tafuta tatizo. Ikisoma 1.2, bado hujathibitisha lolote.

Wengine hunitajia Long-EZ, ndege iliyobuniwa na Burt Rutan, yenye antena za utepe wa shaba zilizofichwa ndani. Ni kweli, na zinafanya kazi. Lakini ndege ile ni ya faibaglasi na povu, na utepe wa mawasiliano umesimama wima ndani ya vibawa vya ncha za mabawa, mbali na injini na nyaya. Ukiuiga ndani ya ndege ya alumini kama RV, umeiga picha tu.

Na spidi, antena ikikaa nje? Fimbo ya milimita 3 yenye urefu wa sentimita 58, kwa kilomita 270 kwa saa, inakula takriban nguvu ya farasi mmoja kati ya 180 za injini. Unapoteza chini ya kilomita moja kwa saa. Usiuze sauti yako kwa bei hiyo.

Basi, haraka. Alumini: antena ya mawasiliano nje, juu au tumboni, ya VOR (redio ya kuongozea njia) inaweza kukaa ndani ya ncha ya bawa ikiwa ncha ni ya faibaglasi, nayo ilazwe, isisimamishwe. Kaboni: nje, bila mjadala. Faibaglasi: ndani inafaa, wima, nusu mita au zaidi kutoka kwenye metali na miili ya abiria, na rangi yenye chembe za metali usipake. Kitambaa juu ya mabomba ya chuma: nje, na chini yake vipande vinne vya bati vya sentimita 60, la sivyo antena ni nusu. Transponda: sentimita 7 tu, iweke tumboni mbali na viti. GPS itazame mbingu. Antena ya redio ya dharura ya 406 MHz isikae ndani ya metali wala kaboni. Siku ya ajali, hiyo ndiyo itakayokuitia msaada.

Kisha jaribu. Panda futi 3,000, ondoka kilomita 50 kutoka uwanjani, zunguka duara zima ukiita mnara kila nyuzi 45 na kuuliza unasikikaje. Andika majibu. Fanya hivyo kabla hujapaka rangi, wakati kuhamisha antena bado ni kazi ya siku moja.