Pikipiki Huharibika Ikiwa Imesimama

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sikuziba ufa, na aliyejengewa ukuta ni mjomba wangu. Ukuta wenyewe ulikuwa wa plasta, nao ulikaa kwenye mkono wake wa kulia kwa muda wa wiki sita. Ndiyo maana nilipotakiwa kuandika makala ya maarifa kwa ajili ya jarida letu, sikuhangaika kutafuta mada. Nitaeleza jinsi ya kuitunza pikipiki kuukuu wakati wa mvua na baridi, kisha nitaungama kosa langu ili wewe usilirudie.

Tunaishi Parklands, karibu na barabara ya Limuru, si mbali na msitu wa City Park. Nyuma ya fleti yetu kuna kibanda cha mabati, na humo mjomba huweka pikipiki yake ya kasi, Honda CBR600F ya mwaka 1988. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1987. Ina silinda nne, kabureta nne, rejeta ya maji ya kupoza injini, na breki za sahani, mbili mbele na moja nyuma. Mimi imenizidi umri kwa miaka 20, na mjomba hunikumbusha kila mara kwamba mkubwa hapigwi teke.

Uingereza na nchi nyingine za baridi, wenye pikipiki kama hizi wengi huzifungia ndani kuanzia Novemba hadi Machi. Wanakimbia theluji pamoja na chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu, kwa maana chumvi hiyo hula chuma kama mchwa alavyo mbao. Sisi hatuna theluji. Hata hivyo, tuna masika kuanzia Machi hadi Mei, kisha kipupwe cha Juni hadi Agosti. Wakati huo jua la Parklands huchungulia tu na kurudi mawinguni, na alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Unyevu hujaa kila mahali. Nguo hazikauki, viatu huota ukungu, na pikipiki iliyosimama huanza kuoza polepole bila kupiga kelele.

Watu wengi hudhani kwamba chombo huharibika kwa kutumiwa. Ni kweli, lakini nusu tu. Pikipiki huharibika zaidi ikiwa imesimama, hasa ikisimamishwa vibaya. Mvua kubwa za El Niño zilipoanza mwishoni mwa mwaka 2023, mjomba aliiegesha yake vile vile ilivyotoka safarini, na matope yake, akaifunika karatasi ya nailoni. Aprili 2024 alipobonyeza stata, ilitoa sauti moja tu, "tik!", ikanyamaza. Mama, ambaye ndiye dada yake mkubwa, akatoa hukumu: "Hiyo kitu isipowaka kufikia Agosti, naita watu wa vyuma vikuukuu. Mimi nataka mahali pa kuanika nguo."

Basi tukaanza kazi. Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili, lakini mafuriko ya mwaka huo yaliahirisha ufunguzi hadi 13 Mei. Wakati wenzetu wa Mathare walikuwa wakipoteza nyumba zao, sisi tulikuwa na bahati ya kuwa mahali pa juu, chini ya mabati, na spana mkononi. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, petroli. Petroli si maji. Ikikaa miezi mingi sehemu yake nyepesi hupotea hewani, na kinachobaki hugeuka kuwa gundi. Gundi hiyo huziba jeti, yaani vitundu vidogo vya kabureta ambavyo hupitisha petroli. Kitundu cha kuendesha injini ikiwa imetulia ni chembamba mno, kinakaribia unywele. Tulizifungua kabureta zote nne, tukaziosha, tukazipuliza kwa upepo wa fundi wa pancha. Usichokonoe jeti kwa sindano wala waya wa chuma, kwani utakipanua kitundu na injini itakula petroli kupita kiasi. Mjomba alitumia uzi mmoja wa shaba kutoka ndani ya waya wa umeme, kwa kuwa shaba ni laini. Dawa ya ugonjwa huu ni rahisi. Kabla ya kuiweka pikipiki, funga bomba la petroli, legeza skurubu iliyo chini ya kila kabureta, uyamwage yaliyomo ndani. Tanki la chuma nalo lijaze pomoni, maana pasipo na nafasi ya hewa yenye unyevu hapaoti kutu.

Pili, betri. Betri ya risasi na asidi hupoteza chaji yenyewe hata kama haitumiki. Ikiachwa tupu, sahani zake za ndani huganda uchafu mweupe na haipokei chaji tena. Ya mjomba ilikuwa imekwisha kufa, ikabidi anunue nyingine. Siku hizi huitoa, huiweka juu ya ubao mahali pakavu, na kuichaji mara moja kwa mwezi. Ukiwa na mita, betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikishuka chini ya 12.4, ipeleke chaji.

Tatu, oili. Oili iliyotumika huwa imebeba maji na asidi zinazotokana na kuungua kwa petroli. Ukiiacha ndani miezi mitatu, injini huwa inaoga asidi ikiwa imelala. Kwa hiyo badilisha oili na filta kabla ya kuiweka pikipiki, wala usingoje wakati wa kuitoa.

Nne, cheni na matairi. Cheni isafishwe kwa brashi na mafuta ya taa, ikaushwe, ipakwe oili nzito. Tafadhali, usisafishe cheni injini ikiwa inanguruma, kwa kuwa kati ya cheni na sproketi hakuna nafasi ya kidole. Matairi yajazwe upepo na pikipiki isimamishwe kwa stendi kubwa. Tena soma umri wa tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukiona 0814, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 8 ya mwaka 2014. Mpira mzee huwa mgumu na huteleza kwenye lami yenye maji, hata kama meno yake bado yanapendeza.

Tano, kifuniko. Tupa nailoni. Unyevu wa ardhini hupanda, hunaswa chini ya nailoni na kugeuka matone usiku kucha. Shuka kuukuu la pamba ni bora kuliko nailoni mpya, mradi paa lisivuje.

Vipuri vingine vilitutembeza. Plagi na mpira wa kupitisha petroli tulivipata barabara ya Kirinyaga, ambako maduka ya spea yamepangana. Pedi za breki za pikipiki hiyo hazikupatikana kwa urahisi, kwa kuwa maduka mengi yamejaza spea za bodaboda. Ilitubidi kuagiza na kungoja.

Sasa nafika mahali panaponiuma. Likizo ya Agosti ilipofika, kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa breki za mbele. Mjomba alinipa chupa ya mafuta ya breki akaniambia, "Toa yale ya zamani yote, weka haya. Na usukume pistoni za kalipa uzisafishe. Mimi naenda kazini." Nilifungua kikopo kilicho kwenye usukani. Mafuta yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, ilhali mafuta mapya huwa meupe yenye umanjano hafifu. Nilijua maana yake. Lakini kulikuwa na mpira City Park, na marafiki walikuwa wakinipigia mbinja langoni. Nikafyonza kidogo ya juu kwa sindano, nikaongeza mapya mpaka kwenye alama, nikafunga. Kwa juu yaling'aa. Mjomba alipouliza jioni, nilijibu, "Tayari, Mjomba."

Jumamosi iliyofuata injini iliwaka. Jirani walitoka kwenye veranda. Hata mama alitabasamu. Mjomba akapanda barabara ya Limuru hadi Limuru yenyewe, mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, kisha akaanza kuteremka kurudi. Mimi nilibaki nyumbani nikisikiliza kama nitausikia ule mlio. Badala yake ikalia simu.

Elewa kilichotokea, maana hapa ndipo penye elimu. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Ndiyo sababu hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama pikipiki haikutembea. Mafuta mapya ya aina ya DOT 4 hayachemki kabla ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 155. Pistoni ambazo sikuzisafisha zilikuwa zimekwama kidogo kwa kutu na uchafu, kwa hiyo pedi zilikuwa zikiisugua sahani hata mjomba alipoachilia breki. Joto likapanda mteremko mzima. Maji yaliyokuwa ndani ya mafuta yakageuka mvuke. Mafuta hayabanwi, lakini mvuke hubanwa. Karibu na Ruaka mkono wa breki ukalegea kama unga wa chapati, ukagusa usukani, na pikipiki haikupunguza mwendo. Mbele kulikuwa na matatu iliyosimama. Mjomba akashusha gia, akakanyaga breki ya nyuma, akaingia mtaroni kwa hiari yake. Akavunjika mfupa wa kifundo cha mkono. Angekuwa mgeni wa pikipiki, leo nisingekuwa naandika makala ya maarifa bali tanzia.

Jioni alirudi kutoka hospitalini, mkono umefungwa. Akaniuliza bila kupandisha sauti, "Yale mafuta ulimwaga yote?"

"Niliongeza tu juu, Mjomba."

Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Sawa. Umesema kweli. Lakini ungeisema jana."

Mama alitaka pikipiki iuzwe siku hiyo hiyo. Mjomba akamwambia, "Dada, ngoja kijana amalize kazi yake kwanza."

Nikaimaliza Desemba, yeye akiwa ameketi kwenye kigoda akinitazama. Nilizitoa kalipa, nikazisafisha pistoni kwa mswaki na mafuta ya breki mapya, nikafunga raba mpya. Kisha nikatoa hewa, au kama mafundi wasemavyo, nikablidi. Unavisha mpira mwangavu kwenye nipo ya kalipa, ncha ya pili unaitia katika chupa yenye mafuta kidogo. Unabana mkono wa breki, unafungua nipo, mafuta yanatoka, unafunga, ndipo unaachilia. Ukiachilia kabla ya kufunga, breki itavuta hewa na utaanza upya. Unarudia mpaka yatoke masafi bila povu, huku ukijaza kikopo kisikauke. Yakidondoka kwenye rangi, osha kwa maji upesi, kwani huibambua. Ilinichukua alasiri nzima, muda ule ule wa mechi moja na mazungumzo yake.

Tangu hapo tunayo daftari kibandani. Kila kazi huandikwa pamoja na tarehe na jina la aliyeifanya. Ambayo haijafanywa huandikwa "bado". Mama huikagua kabla ya ufunguo kutoka ndani, naye hana huruma. Msomaji mwenzangu, neno "bado" halijawahi kumvunja mtu mkono. Lililomvunja mjomba ni "tayari" yangu. Iwe ni pikipiki, jiko la gesi, au kazi ya ziada ya mwalimu, kumbuka kwamba mficha maradhi, kilio humfichua.