Habasoda Mbele ya Kipimo

Pwani ya Afrika Mashariki haina haja ya kutambulishwa habasoda. Hutafunwa na asali asubuhi, hunyunyizwa juu ya mkate, na mwenye mafua hufungiwa kidogo kwenye kitambaa akainusa. Kwa Waislamu ina heshima ya pekee, kwani Mtume Muhammad (S.A.W.) aliisifu katika hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari. Siku hizi imeingia pia kwenye chupa. Mafuta yake yanauzwa katika masoko ya Darajani, Marikiti na Kariakoo, na matangazo yake hayakauki kwenye makundi ya WhatsApp. Mteja anayewindwa zaidi ni yule aliyetoka kliniki ameambiwa kwamba sukari yake imeanza kupanda, presha haijatulia na kitambi kimezidi. Bado hajaitwa mgonjwa, lakini ameshaingiwa na hofu. Je, mafuta haya yatamfaa, na kwa kiasi gani?

Dalili tano, mzizi mmoja

Hali ya mtu huyo ina jina: sindromu ya umetaboli. Mwaka 1988 Gerald Reaven, daktari wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alionyesha kwamba sukari, presha na mafuta mabaya ya damu hupenda kuandamana ndani ya mwili mmoja. Akaliita kundi hilo "Sindromu X".

Mwaka 2009 taasisi kubwa za kisukari na moyo duniani zilikubaliana vigezo vitano. Cha kwanza ni kiuno kipana. Kwa Waafrika walio kusini mwa Sahara, kwa kukosa takwimu zao wenyewe, ilipendekezwa kutumia viwango vya Ulaya: sentimita 94 kwenda juu kwa mwanamume na 80 kwenda juu kwa mwanamke. Cha pili ni trigliseridi, yaani mafuta yanayozunguka kwenye damu, kufikia milimoli 1.7 kwa lita. Cha tatu ni lehemu nzuri, HDL, kuwa chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Cha nne ni presha kufikia 130 kwa namba ya juu au 85 kwa namba ya chini. Cha tano ni sukari ya 5.6 au zaidi kabla ya kula. Mwenye vitatu kati ya hivyo, vyovyote viwavyo, anayo sindromu hii.

Mzizi wake mkubwa ni ukinzani wa insulini. Homoni hii hubisha hodi kwenye seli ili sukari iingie ndani, lakini seli zilizozongwa na mafuta haziitikii upesi. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi kila siku, mpaka huchoka. Hapo ndipo kisukari cha aina ya pili huanza, na njia ya kuelekea shambulio la moyo na kiharusi hufupika.

Kilichomo ndani ya mbegu

Chukua punje moja ya habasoda uitazame vizuri. Ni ndogo, nyeusi tii, ina pembe, na ukiivunja utaona weupe ndani. Ukiisaga, harufu kali hupanda puani, na ulimini hubaki uchungu. Mmea wake, Nigella sativa, asili yake ni nchi za Asia ya Magharibi na pande za Bahari ya Mediterania.

Takribani theluthi moja ya uzito wa mbegu ni mafuta mazito. Zaidi ya nusu ya mafuta hayo ni asidi ya linoleiki, ileile iliyojaa kwenye mafuta ya alizeti. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile unacholipia kwenye chupa ni mafuta ya kawaida kabisa. Upekee umo katika sehemu ndogo sana, mafuta tete yanayotoa ile harufu. Humo ndimo ilimo thaimokwinoni, kemikali iliyotengwa na mtafiti El-Dakhakhny mwaka 1963.

Katika maabara, thaimokwinoni imeonyesha mambo ya kuvutia. Hupunguza uvimbe wa ndani kwa ndani, hulinda seli dhidi ya kemikali haribifu, na huamsha kimeng'enya cha AMPK ambacho huiagiza seli ichome sukari na mafuta badala ya kuyalimbikiza. Lakini mengi ya hayo yameonekana kwa panya na kwenye seli za maabara, na dozi anayopewa panya haihamishiki moja kwa moja kwa binadamu.

Tena kiasi cha thaimokwinoni hutofautiana kwa mbegu, shamba, namna ya kukamua na muda wa kuhifadhi. Mwanga huiharibu, na hewa huyachachua mafuta yenyewe. Chupa ya plastiki nyeupe iliyoanikwa juani kwenye meza ya muuzaji inaweza kuwa na jina la habasoda na nguvu kidogo sana ya habasoda.

Majaribio kwa watu

Mwaka 2008 watafiti wa Aligarh, India, walichapisha jaribio lililowahusu watu 60 wenye sindromu hii. Wote walipewa metformini ya sukari na atorvastatini ya lehemu. Nusu yao waliongezewa mafuta ya habasoda, mililita 2.5 mara mbili kwa siku, kwa wiki sita. Waliopata mafuta walishuka zaidi kwa sukari ya kabla ya kula na kwa lehemu mbaya, LDL. Angalia vizuri mpangilio huo: mafuta yaliongezwa juu ya vidonge, hayakuchukua nafasi yake.

Jaribio linalotajwa sana na wauzaji lilifanyika Saudi Arabia na kuchapishwa mwaka 2010. Wagonjwa 94 wa kisukari, waliokuwa tayari wakitumia vidonge vyao, waligawanywa katika makundi matatu: gramu 1, gramu 2 na gramu 3 za habasoda kwa siku. Kwa waliopewa gramu 2, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, kilishuka kwa pointi 1.52. Hayo ni matokeo makubwa. Hata hivyo, walimeza mbegu zilizosagwa kwenye kapsuli na si mafuta, na halikuwapo kundi lililopewa dawa bandia kwa ajili ya kulinganisha. Waliokunywa gramu 3 hawakupata nafuu kuliko wale wa gramu 2. Anayekunywa vijiko vitatu kwa kudhani atapona mara tatu hana ushahidi wa kuegemea.

Kuhusu presha, watafiti wa Iran waliwapa watu 70 wenye afya njema ama mafuta ya habasoda ama mafuta bandia kwa wiki nane. Presha ilishuka kwa waliopata ya kweli. Mwaka 2016, majaribio 11 yalipojumlishwa pamoja, wastani wa kushuka ulikuwa takribani 3 kwa presha ya juu na 3 kwa ya chini. Kwa lehemu, majaribio 17 yalionyesha LDL ikishuka kwa milimoli 0.36 hivi na trigliseridi kwa 0.23. HDL kwa jumla haikutikisika.

Maana yake nyumbani ni hii: mwenye presha ya 150 akitegemea habasoda peke yake, huenda akafika 147. Bado yuko hatarini. Isitoshe, mengi ya majaribio haya yalikuwa madogo na ya muda mfupi, na yalipima namba za damu. Hayakupima nani aliyeepuka kiharusi.

Mafuta si mamoja

Kuna kosa linaloweza kuua: kudhani kila mafuta ya mmea hunyweka. Pemba kuna kiwanda kinachokeneka mafuta kutokana na makonyo ya karafuu. Hayo ni mafuta tete matupu, yamejaa yujenoli. Yanafaa viwandani, na tone moja hutuliza jino. Ukiyanywa kwa kijiko ni sumu kwa ini. Mtoto wa miaka miwili aliyemeza mililita 5 hadi 10 hivi alipoteza fahamu na ini lake likaharibika. Mafuta tete ya mdalasini nayo yasinywewe ovyo.

Habasoda yenyewe ni pole zaidi, ila haikosi athari. Wengine husumbuliwa na tumbo, na wengine hutokwa na upele wakijipaka. Inaweza kupunguza kasi ya ini kuondoa baadhi ya dawa mwilini, kwa hiyo anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda asiiguse bila kumwambia daktari. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari anaweza kujikuta sukari imeshuka kupita kiasi. Imeripotiwa pia figo kushindwa ghafla kwa mgonjwa wa kisukari aliyetumia vidonge vya habasoda. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa figo na anayesubiri upasuaji wakae nayo mbali.

Mmea uliofika hospitali

Wapo wanaosema madaktari wanaidharau mimea. Historia inasema vingine. Metformini, dawa inayoandikwa zaidi duniani kwa kisukari cha aina ya pili, chimbuko lake ni Galega officinalis, mmea uliotumika Ulaya tangu zamani. Kemikali yake ilichunguzwa, ikarekebishwa, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa. Kilichoutoa mmea huo shambani na kuufikisha kwenye duka la dawa ni dozi inayojulikana na majaribio ya miaka mingi. Habasoda iko katikati ya safari hiyo.

Metformini nayo ilishindwa na jambo lisilouzwa kwenye chupa. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari walifuatiliwa. Metformini ilipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 31. Waliolenga kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa kasi, dakika 150 kwa wiki waliupunguza kwa asilimia 58.

Basi, ukitaka kutumia mafuta ya habasoda, yatumie kama nyongeza. Nunua yaliyosajiliwa: Tanzania Bara dawa asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na Kenya ipo Bodi ya Famasia na Sumu. Chagua chupa ya kioo cheusi yenye tarehe ya kutengenezwa. Usizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku, kwa kuwa ndicho kiasi kilichojaribiwa, na kumbuka kwamba kila kijiko kina kalori 40 hivi. Mwambie daktari unachokunywa, na usiache vidonge alivyokuandikia. Pima vigezo vyako vitano kabla ya kuanza, kisha upime tena baada ya miezi mitatu. Namba zisiposhuka, hela ya chupa inayofuata ipeleke sokoni ikanunue mboga za majani na kunde.